Kila Uzi Uwe na Mwenyewe

Waheshimiwa walimu, ndugu zangu waandishi wa programu, nanyi wanafunzi mliojaa hadi mlangoni, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie nyuzi za nyuma (background threads), mifululizo ya maagizo inayofanya kazi ndani ya programu huku mtumiaji akiendelea na shughuli zake. Nitalishika zaidi jambo moja, nalo ni mwisho wa uzi. Kuuanzisha ni mstari mmoja wa msimbo na kila somo la mtandaoni linaufundisha. Kuumaliza, ukamalizika kweli, bila kuacha kazi nusu na bila kuigandisha programu nzima, ni usanifu. Ninachokiamini, na ambacho nitakitetea asubuhi hii, ni kwamba objekti, yaani kipande cha programu chenye data na kazi zake, iliyoanzisha uzi ndiyo inayodaiwa kuumaliza. Kama haiwezi, basi imkabidhi mwingine deni hilo waziwazi, kwa jina. Uzi usio na mwenyewe ni hatari.

Wengi wenu mnaandikia simu za Android, kwa hiyo tuanzie huko. Android inaipa programu yako uzi mkuu mmoja, ndio unaochora skrini na kupokea miguso. Ukiuziba kwa sekunde 5 baada ya mtu kugusa skrini, mfumo unamletea mtumiaji ujumbe kwamba programu haijibu. Tena, tangu Android 3.0 ya mwaka 2011, ukijaribu kwenda mtandaoni kutoka kwenye uzi huo mkuu unatupiwa hitilafu ya NetworkOnMainThreadException papo hapo. Kwa hiyo mtu anayeandika programu yake ya kwanza kabisa ya simu analazimika kukutana na nyuzi za nyuma ndani ya wiki ile ile. Hili si somo la mabingwa.

Chukueni programu ya duka. Muuzaji anapima sukari, anabonyeza, risiti inatoka, na nakala yake inatakiwa kufika kwenye seva. Mtandao leo upo, kesho unasuasua. Hatuwezi kumweka mteja kaunta akisubiri seva ijibu. Tunaandika klasi, yaani kielelezo cha kuundia objekti, tuiite MtumaRisiti. Ndani yake kuna foleni, na kuna uzi mmoja unaotoa risiti kwenye foleni na kuzituma. Muuzaji anaweka risiti kwenye foleni na kuendelea na mteja mwingine. Nitatumia Java kwa sababu wengi mnaijua, na nitahamia C++ pale inapolisema jambo kwa ukali zaidi.

Hali za uzi nazipita haraka. Ukiandika new Thread, uzi upo lakini haujaanza. Ukiita start(), unaanza. Methodi (kazi yenye jina ndani ya klasi) ya run() ikifika mwisho, au ikitoka kwa hitilafu isiyodakwa, uzi umekufa na haufufuki. Ukiita start() tena unapata hitilafu ya IllegalThreadStateException. Na ukiita run() moja kwa moja badala ya start(), hakuna uzi mpya uliozaliwa: kazi inafanyika kwenye uzi ule ule wa aliyeita.

Kwa kuwa uzi haufufuki, objekti inayoumiliki iamue mapema kama ni ya kuanza mara moja tu au ya kuanza, kusimama na kuanza upya. Mimi nashauri iwe ya mara moja. Ukiruhusu kuanza upya, lazima ujibu nini kinatokea anza() inapoitwa wakati simamisha() bado inasubiri uzi wa kwanza umalizike. Ukilijibu vibaya, utakuwa na nyuzi mbili zinazogombania foleni moja, na risiti ya saa nne itafika kabla ya ya saa tatu. Anayetaka kuanza upya aunde objekti mpya. Gharama yake ni ndogo mno.

Sasa nije kwenye kosa linalopendeza macho. Mtu anaandika konstrakta ya MtumaRisiti, yaani sehemu inayoijenga objekti, na kwenye mstari wa mwisho anaita uzi.start(). Inaonekana safi: ukiiunda objekti, tayari inafanya kazi. Lakini uzi huo umekabidhiwa objekti ambayo ujenzi wake bado haujaisha. Leo mstari ule ni wa mwisho, sawa. Mwezi ujao mwenzako anairithi klasi yako, anaandika MtumaRisitiWaKodi, anaongeza uga (nafasi ya kuwekea data) wenye anwani ya seva ya pili, na anaiandika upya methodi ya tuma(). Java humaliza konstrakta ya mzazi kwanza, ndipo ikaingia ya mtoto. Uzi umeshaanzia kwa mzazi, umeshaita tuma() ya mtoto, na ile anwani bado ni null, yaani tupu. Siku ambayo prosesa imelemewa, uzi unachelewa kuanza na kila kitu kinakwenda vizuri. Siku ambayo haina kazi, programu inaanguka. Kwenye mashine yako haianguki, kwa mteja inaanguka, na mnaanza kulaumiana.

Hata pasipo urithi, kanuni za kumbukumbu zilizokuja na Java 5 mwaka 2004 zinaahidi kwamba nyuzi nyingine zitaona uga wa final (usiobadilishwa ukishawekwa) ukiwa umekamilika, kwa sharti kwamba rejeo la objekti halikuvuja kabla konstrakta haijaisha. Ukianzisha uzi ndani ya konstrakta na kumpa this, yaani objekti yenyewe, umelivunja sharti kwa mkono wako. Kwa hiyo konstrakta ijenge tu, na kuanza kuwe na methodi yake, anza(). Kama unataka mtumiaji wa klasi asisahau kuiita, mwandalie methodi ya static (inayoitwa bila kuwa na objekti kwanza) inayojenga objekti mpaka mwisho, ikaianzisha, kisha ikamkabidhi.

Na tafadhali, MtumaRisiti isirithi Thread. Iwe na Thread ndani yake, kwenye uga wa private, usiofikiwa kutoka nje. Ukirithi Thread, kila anayeishika objekti yako anaweza kuita start(), interrupt(), setDaemon() na mengine yote, maana yake umempa kila mpita njia mamlaka juu ya maisha ya uzi wako. Ukiuficha ndani, milango inabaki miwili: anza() na simamisha(). Hapo ndipo maana halisi ya objekti inapoonekana. Si kufunika data tu, ni kufunika pia haki ya kuanzisha na kumaliza.

Tufike kwenye mwisho wenyewe.

Java ilipozaliwa ilikuwa na methodi ya stop(). Uliiita, uzi ukafa. Uzi ulitupiwa kitu kiitwacho ThreadDeath popote ulipokuwa, hata katikati ya hesabu, na makufuli yote uliyokuwa umeyashika yakafunguka. Kufunguka huko ndiko kulikoleta maafa. Kufuli huwekwa ili mtu mwingine asiingie wakati vitu havijakaa sawa. Tuseme uzi wetu umeshapunguza hesabu ya risiti zinazosubiri, lakini haujaitoa risiti yenyewe kwenye orodha. Unauawa hapo. Kufuli linafunguka, uzi mwingine unaingia, unakuta hesabu inasema 6 na orodha ina 7, na hauna namna ya kujua kwamba kuna aliyefia katikati. Programu inaendelea ikiwa mgonjwa, na dalili zinakuja kujitokeza mbali kabisa na pale palipoumia.

Waliotengeneza Java waliliona hilo mapema. Java 1.2 ilipotoka mwaka 1998, stop() iliwekewa alama kwamba isitumike, pamoja na suspend() na resume(). Suspend yenyewe ilikuwa na ubaya wa upande wa pili: uzi ulilazwa ukiwa bado umeshika makufuli, na wote wanaoyahitaji wakasimama nyuma yake. Methodi hizo ziliendelea kuwepo kwa ajili ya programu za zamani, hadi Java 20 ya mwaka 2023, ambayo ukiita stop() inakurushia UnsupportedOperationException na hakuna kinachouawa. Microsoft walipita njia ile ile: .NET Framework 4 ya mwaka 2010 ilileta CancellationToken, alama ya kuiomba kazi isimame, na katika .NET Core methodi ya Thread.Abort, iliyokuwa ya kuua uzi, haifanyi kazi tena, inatupa hitilafu. Kambi mbili zinazoshindana zimefika mahali pamoja, kwamba uzi hauuliwi kutoka nje. Unaombwa, na wenyewe ndio unaosimama.

Abiria wa daladala anayetaka kushuka hamng'oi dereva kwenye usukani. Anasema "shusha", na dereva, ambaye ndiye anayeiona barabara, anasogea mpaka kituoni ndipo anasimama. Uzi wako ndio unaojua kama uko katikati ya kuandika au umemaliza. Kazi yako kama msanifu ni kuuwekea vituo, na kuhakikisha haviko mbali mno kimoja na kingine.

Ombi lenyewe lina sehemu mbili, na watu wengi huandika moja. Sehemu ya kwanza ni bendera: uga wa boolean (wa ndiyo au hapana), tuuite inasimama, ambao uzi unautazama kila unapoanza mzunguko. Uwe volatile. Pasipo neno hilo, Java ina ruhusa ya kuona kwamba ndani ya mzunguko hakuna anayeubadilisha, ikausoma mara moja tu na kuzunguka milele. Msimbo huo huo unaweza kusimama vizuri unapoujaribu kwa sekunde chache, kisha ukagoma baada ya Java kuuharakisha.

Sehemu ya pili inahitajika kwa sababu uzi wa nyuma muda mwingi haufanyi kazi, unasubiri. Foleni ikiwa tupu, uzi umelala ndani ya foleni.take(), methodi inayosubiri risiti ipatikane. Unaweza kupandisha bendera mpaka kesho, aliyelala haioni. Ndiyo maana simamisha() inapandisha bendera halafu inaita uzi.interrupt(). Wito huo unamwamsha aliyelala kwenye take(), kwenye sleep() au kwenye wait(), naye anapokea InterruptedException. Hebu tuutazame mwili wa run() kwa karibu:

    public void run() {
        try {
            while (!inasimama) {
                Risiti r = foleni.take();
                tuma(r);
            }
        } catch (InterruptedException e) {
            Thread.currentThread().interrupt();
        } finally {
            fungaMuunganisho();
        }
    }

Angalieni catch iko wapi: nje ya mzunguko. Hitilafu ikija, mzunguko umeisha. Msimbo ninaoukuta kwenye miradi mingi unaiweka ndani ya mzunguko na kuiacha tupu, mabano mawili yasiyo na kitu katikati. Java inapotupa InterruptedException huwa imeshaifuta alama ya kwamba uzi uliombwa usimame. Ukiidaka ukanyamaza, ombi limepotea kabisa. Ndiyo maana ndani ya catch tunairudisha alama kwa kuita interrupt() juu ya uzi wenyewe, ili aliye juu yetu naye ajue. Kama kuna mstari mmoja wa kutafuta kwenye msimbo wenu jioni ya leo, tafuteni catch tupu ya InterruptedException. Nina hakika wengi wenu hamtatoka mikono mitupu.

Tena, si kila usingizi unaamshwa na interrupt(). Uzi wa kawaida uliozama kwenye kusoma soketi (ncha ya mawasiliano ya mtandao) kwa njia ya zamani ya java.io hausikii. Huo unaamshwa kwa kuifunga soketi yenyewe kutoka uzi mwingine. Usomaji unavunjika kwa SocketException na uzi unatoka. Kwa hiyo anayeandika simamisha() lazima ajue uzi wake unalala wapi. Hakuna dawa moja ya nyuzi zote. Na hii ni sababu nyingine ya kumpa uzi mwenyewe, kwani mwenyewe ndiye anayejua.

Kuna risiti moja sijaitaja, ile iliyo mkononi. Uzi umeshaitoa kwenye foleni, uko ndani ya tuma(), na ombi la kusimama linafika. Risiti hiyo haiko kwenye foleni tena, na haijulikani kama imefika kwenye seva. Huenda seva imeipokea, na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiirudisha kwenye foleni, labda itafika mara mbili. Ukiiacha, labda haitafika kabisa. Hakuna ustadi wa nyuzi unaoweza kulitatua hili peke yake. Suluhisho ni kila risiti kuwa na namba yake ya pekee iliyotolewa dukani, na seva ikikutana na namba ile ile mara ya pili, ijibu "nimeshapokea" bila kuhesabu mauzo mapya. Ukiwa na hilo, unairudisha risiti bila wasiwasi. Utaona kwamba kuumaliza uzi vizuri kumetulazimisha kubadilisha hata seva. Ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu swali la mwisho liulizwe siku ya kwanza.

Baada ya kuomba, subiri. Methodi ya join() inamfanya aliyeita asubiri mpaka uzi umekufa kweli. Bila join(), simamisha() inarudi huku uzi ukiwa bado unamalizia, aliyeita anafunga kanzidata, na uzi unakwenda kuandika kwenye kanzidata iliyofungwa. Mpangilio ni huu: omba, subiri, ndipo ufunge vitu ambavyo uzi ulikuwa unavitumia. Isipokuwa ile soketi ya java.io, ambayo kuifunga ndiko kuomba kwenyewe.

Kusubiri nako kuna mitego, na hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana programu iliyoganda wakati wa kuzimwa mara nyingi imegandia hapa. Mtego wa kwanza: simamisha() imewekewa synchronized, neno linalomfanya anayeiita ashike kufuli, na uzi wetu, ili umalizie, unahitaji kufuli hilo hilo. Wewe umelishika unasubiri uzi ufe. Uzi unasubiri ulifungue ndipo ufe. Wote mmekwama. Pandisha bendera ukiwa na kufuli kama ni lazima, lakini join() iitwe baada ya kuliachia. Mtego wa pili: kuna mtu amesajili msikilizaji anayeitwa na uzi wa nyuma pale seva inapokataa risiti, na msikilizaji huyo anaamua kuita simamisha(). Sasa uzi unajisubiri wenyewe ufe. Kabla ya join(), linganisha uzi wako na Thread.currentThread(), kama ni ule ule, pandisha bendera urudi, usisubiri.

Mtego wa tatu ni kusubiri bila kikomo. join() inapokea muda, na nawasihi muutumie kwenye programu yoyote inayogusa mtandao. Muda ukiisha na uzi bado uko hai, andika kwenye faili la kumbukumbu za programu (log) ni uzi gani na umekwama wapi, kwa kutumia getStackTrace(), kisha amua. Mwandiko huo ndio utakaokuokoa wiki ijayo.

Kuna wanaoniambia kwamba Java ina mkusanya taka, anayeondoa kumbukumbuni objekti zisizotumika tena, kwa hiyo objekti ikiachwa itajisafisha yenyewe. Kwa uzi haiko hivyo. Uzi unaokimbia ni moja ya mizizi ambayo mkusanya taka anaanzia kuhesabu vilivyo hai. Uzi umeshika MtumaRisiti, MtumaRisiti imeshika foleni, foleni imeshika risiti, na vyote vinahesabiwa kuwa hai hata kama hakuna mtu mwingine duniani anayevikumbuka. Ukiweka usimamishaji kwenye finalize(), methodi inayoitwa kabla objekti haijakusanywa, hautaitwa kamwe, kwa kuwa kinachozuia objekti isikusanywe ni uzi ule ule uliotaka kuusimamisha. Android inalionyesha hili vibaya zaidi: uzi ulioandikwa kama klasi ya ndani ya Activity (objekti inayosimamia skrini moja ya programu) huwa umeishika Activity nzima pamoja na vyote vilivyochorwa juu yake. Mtumiaji akigeuza simu, kwa kawaida Activity mpya inaundwa, na ya zamani inabaki kumbukumbuni mpaka uzi uishe. AsyncTask, zana ya kazi za nyuma iliyokuja na Android 1.5 mwaka 2009, iliwanasa watu wengi kwenye mtego huo, na Google waliacha kuipendekeza katika Android 11 ya mwaka 2020.

C++ haina mkusanya taka, na ina ukali ninaoupenda. Tangu C++11, destrakta (sehemu inayobomoa objekti) ya std::thread ikiukuta uzi bado haujasubiriwa wala haujaachiliwa, inaita std::terminate na programu nzima inakufa. Wengi hulalamika. Mimi naona ni heshima kwa mwandishi: lugha imekataa kukisia ulitaka nini. C++20 ikaleta std::jthread, ambayo destrakta yake inaomba uzi usimame kisha inausubiri, yaani omba na subiri zimewekwa ndani ya aina yenyewe.

Hata hivyo jthread haikuokoi na mpangilio mbaya. Katika C++, nyuga za objekti huharibiwa kwa kurudi nyuma, ya mwisho kutangazwa ikiwa ya kwanza kuondoka. Ukitangaza uzi kwanza, foleni ikafuata, wakati wa kufa foleni inabomolewa huku uzi ungali unaisoma. Tangaza uzi mwisho wa nyuga zote, na uandike maoni juu yake kwamba usihamishwe. Na ule mtego wa urithi tulioukuta kwenye konstrakta unarudi mlango wa nyuma: destrakta ya mtoto hutangulia, kisha ya mzazi. Kama mzazi ndiye anayesubiri uzi ndani ya destrakta yake, wakati anasubiri, sehemu ya mtoto imeshabomolewa na uzi bado unaita methodi za mtoto. Urithi unaumiza kwenye ncha zote mbili za maisha ya uzi. Ndiyo sababu nimesisitiza kwamba objekti iwe na uzi, isiwe uzi.

Wapo wanaokimbilia uzi wa daemon. setDaemon(true), na programu ikifungwa haiusubiri. Kwa kazi isiyo na madhara ikikatika, kama kuhesabu takwimu za skrini, sina ugomvi. Kwa kutuma risiti, hapana. Java ikizima, nyuzi za daemon zinaachwa zilipo, na hata sehemu ya finally haiahidiwi kufanya kazi. Python inazikata vivyo hivyo programu inapofungwa. Ukitumia daemon kwa sababu programu iligoma kufunga, umeficha ugonjwa, hujautibu.

Zana zilizo tayari zipo, na mzitumie. Java 5 ilileta java.util.concurrent, kazi iliyoongozwa na Doug Lea, na ndani yake ExecutorService, inayosimamia nyuzi kwa niaba yako, yenye miisho miwili iliyotenganishwa vizuri: shutdown() inakataa kazi mpya na kumalizia zilizopo, shutdownNow() inaziingilia zinazoendelea na kukurudishia orodha ya ambazo hazijaanza. Zote mbili hazisubiri. Anayesubiri ni awaitTermination(). Tangu Java 19 kuna pia close(), kwa hiyo inaingia kwenye try na kumalizika yenyewe mabano yanapofungwa. Kotlin inazifunga kazi za nyuma ndani ya maisha ya mwenyewe, kwa mfano viewModelScope, ambayo hufutwa pamoja na ViewModel, objekti inayoshika data za skrini. Nyuzi pepe za Java 21 ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuwa nazo laki kadhaa. Wepesi huo unaongeza haja ya kujua kila moja ni ya nani, haupunguzi.

Kwa walio upande wa seva: Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva, ikitaka kuondoa programu yako inatuma SIGTERM, ishara ya kuiomba isimame, inasubiri sekunde 30 kama hujabadilisha, kisha inaua kwa SIGKILL. Amri ya docker stop, ya kusimamisha programu iliyofungashwa kwa Docker, kwa kawaida inasubiri sekunde 10. Muda wako wa join() uingie ndani ya hizo, ukijumlisha nyuzi zote zinazosubiriwa moja baada ya nyingine.

Lazima niseme pia mahali ambapo haya yote yanaishia. Android inaweza kuua programu yako nzima muda wowote ikihitaji kumbukumbu, bila kuita onDestroy(). Betri inakwisha. Umeme unakatika. simamisha() yako nzuri haitaitwa. Kwa hiyo risiti iandikwe kwanza kwenye SQLite, kanzidata ndogo iliyo ndani ya simu, na itiwe alama ya "imefika" pale tu seva inapojibu. Programu ikiwaka tena, inaanza kwa kutafuta zisizo na alama. Foleni ya kwenye kumbukumbu iwe njia ya kuharakisha tu. Utaratibu wa kusimamisha uzi unalinda programu inayofungwa kwa hiari. Data inalindwa na diski. Mkivichanganya hivi viwili mtajenga kimoja na kukikosa kingine.

Mwisho ni kupima. Ipe kila uzi jina linaloeleweka, "mtuma-risiti" na si Thread-7, kwa sababu siku ya tatizo utaendesha jstack, zana inayoorodhesha nyuzi za programu ya Java, na majina hayo ndiyo yatakayozungumza na wewe. Kisha andika jaribio linalounda MtumaRisiti, kuianzisha na kuisimamisha mamia ya mara mfululizo, na mwishoni hesabu ni nyuzi ngapi zenye jina hilo bado ziko hai. Jibu liwe sifuri. Fanya hivyo hivyo ukiisimamisha kabla haijaanzishwa, ukiisimamisha mara mbili, na ukiisimamisha wakati seva ya majaribio imenyamaza kimya bila kujibu. Hilo la mwisho ndilo litakalokuonyesha kama umeijua soketi yako.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Tuna nusu saa ya maswali, na projekta iko wazi: mwenye kompyuta yake hapa na uzi asioujua mwenyewe, aje mbele tuutafute pamoja.